Sare Iliyobaki Kazini

Ijumaa ya mwisho ya Juni, mwaka wa tisini na mbili, Mariat Nambozo alifua gauni lake la sare kwa mara ya mwisho, akalianika nyuma ya vyumba vya kupanga vya Namakwekwe, na lilipokauka akalipiga pasi ya makaa mpaka mishono ikalala. Kisha akalifunga ndani ya gazeti, akatembea nalo hadi hospitalini. Barua aliyopewa ilisema kwamba mtumishi anayepunguzwa sharti arudishe mali yote ya serikali ikiwa safi. Mtunza stoo alilikunjua, akakagua kola na makwapa, akaandika kwenye daftari: gauni la kijani, moja, kuukuu. Nambozo akatia sahihi.

Alikuwa mhudumu wa wodi ya pili kwa miaka kumi na tisa, katika hospitali ndogo ya serikali mjini Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Kazi yake ilikuwa kuosha wagonjwa wasiojiweza, kuwageuza, kubadilisha mashuka, kumwaga vyombo vya haja na kupiga deki. Wakati wa vita vya sabini na tisa madaktari walikimbilia Kenya, yeye akabaki. Wanajeshi waliokuwa wakikimbia walilazwa upande wa dirisha, na waliokuwa wakiwafukuza wakalazwa upande wa mlango, naye aliwaosha wote kwa beseni moja. Kiswahili chake alikipata hapo: lala, geuka, vumilia, afande. Vita vilivyofuata vilimkuta pale pale. Mumewe, dereva wa lori, alishushwa kwenye kizuizi cha barabarani na hakuonekana tena. Nambozo alikosekana kazini siku tatu tu.

Sasa amani ilikuwepo. Redio ilitangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia sita, na kwamba ili uzidi kukua, serikali lazima ipunguze watu. Wodi ya pili ilikuwa na wahudumu wanne. Nambozo alikuwa wa kwanza kupunguzwa.

Jumatatu asubuhi gauni lake lilitoka stoo, likaenda wodini, likaanza kazi.

Sista Topista, mkuu wa wodi, alipoingia saa moja alilikuta limeinama kwenye kitanda cha tano, likimgeuza Mzee Wamboga, aliyepooza tangu Pasaka. Hakukuwa na mtu ndani yake. Mabega yalikuwa yamejaa, kiuno kimetuna pale ambapo Nambozo alituna, na beseni la maji lilikuwa likielea mbele yake kwa kimo cha mikono. Sista alitazama kama shuka limenyooshwa vizuri. Lilikuwa limenyooshwa. Akaenda kugawa dawa.

Nambozo alizipata habari hizo kwa mwili wake. Saa nne asubuhi, akiwa barazani anachambua mchele, mikono ililowa hadi viwikoni na kunuka dawa ya kuulia vijidudu. Adhuhuri kiuno kikaanza kuuma. Kufikia alasiri miguu ilikuwa imevimba kama alivyoizoea kila Jumatatu, siku ya mashuka.

Jioni Margret, mhudumu mwenzake, alipita kumweleza.

"Linafanya vizuri," alisema. "Mzee Wamboga anauliza tu mbona leo huongei."

"Linakula saa ngapi?"

"Halili."

"Ndiyo maana sishibi," Nambozo akasema.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alijaribu kuuza chapati, akasinzia mbele ya jiko mpaka zikaungua. Alijaribu kufulia watu nguo, lakini mikono ilikuwa imeshachoka kabla hajaloweka. Akiketi, miguu inataka kwenda. Akienda, hajui anakokwenda. Wiki ya tatu akapanda gari hadi Buwenge, karibu na Jinja, kwa binti yake Nulu aliyekuwa akiuza vitenge siku za soko, akidhani umbali utasaidia. Haukusaidia. Kule Buwenge alikuwa akitembea uani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, anafika, anageuka, anarudi, huku viganja vikiwa mbele yake kana kwamba amebeba sinia.

"Mama, keti basi," Nulu alimwambia.

"Nitaketi vipi? Leo wamelazwa wengi."

Nulu ndiye aliyesikia habari za kiwanda cha Jinja. Kilikuwa cha sabuni, kimefungwa tangu enzi za wanajeshi, na sasa kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, mabati mapya na picha yake kwenye gazeti chini ya maneno makubwa kwamba nchi inapona. Walikuwa wanataka wanawake wa kufungasha. Nambozo akaenda asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo akachukuliwa.

Kwa muda wa saa mbili alifungasha haraka kuliko wote mezani. Ilipofika saa nne, wakati wa kuosha wagonjwa, mikono yake ikalowa. Miche ya sabuni ikaanza kutoa povu. Povu likajaa mezani, likashuka sakafuni, likafika kwenye mashine ya kukatia. Msimamizi wao, Odhiambo, Mkenya aliyekuja pamoja na mashine hizo, alizima umeme, akamwita kando.

"Mama, uko na kazi ingine mahali?"

"Nilipunguzwa."

"Lakini bado unafanya."

"Gauni langu ndilo linafanya."

Odhiambo akaitikia kwa kichwa. "Huko kwetu kuna fundi wa reli, waliachisha yeye kazi. Buti zake hukagua reli kila asubuhi. Saa hii hana visigino." Akamfungia miche miwili iliyolowa ndani ya karatasi. "Enda umalize hayo mambo kwanza. Nafasi nitakuwekea wiki moja. Zaidi ya hapo siwezi."

Kesho yake Nambozo alikuwa Mbale, amesimama mbele ya meza ya Bogere, katibu wa hospitali.

"Bwana Bogere, nataka gauni langu."

"Ni mali ya serikali, Mama Nulu."

"Basi nirudishe kazini."

"Nafasi haipo. Ilifutwa."

"Lakini kazi inafanyika."

"Kazi ipo," Bogere alisema, bila ukali. "Kilichofutwa ni nafasi." Yeye mwenyewe alikuwa akiandikia migongo ya fomu za zamani, kwa kuwa karatasi nazo zilikuwa zimepunguzwa.

"Na uchovu je?"

Bogere aliagiza daftari la stoo, akapitisha kidole hadi kwenye jina lake. "Hapa pameandikwa gauni tu. Uchovu hatukuupokea. Huo ni wako."

Nambozo akatoka pale moja kwa moja hadi wodi ya pili. Alikuwa ameamua kulichukua bila ruhusa. Gauni lilikuwa limemkalisha Mzee Wamboga, linamlisha uji. Akalishika mkono. Lilikuwa na joto, na halikushindana naye. Kijiko kikaanguka. Mzee akabaki ameachama, anangoja.

"Ni wewe, Nambozo?" aliuliza hatimaye. Shingo yake haikugeuka.

"Ni mimi, mzee."

"Leo unaongea."

"Nimepata kazi Jinja. Nimekuja kuchukua gauni."

Uji ulimteremka mzee kidevuni na hakukuwa na wa kuufuta. "Chukua," alisema. "Mtu akipata kazi, aende. Mimi nitangoja zamu ya Margret."

Sista Topista alikuwa amesimama na sinia ya sindano. "Sikuzuii, Mama Nulu," alisema. "Ila mtazame mgongo kabla hujaenda."

Nambozo akainua shati la mzee. Mgongo ulikuwa mkavu, laini, umepakwa poda, hauna kidonda hata kimoja baada ya miezi mitatu ya kulala. Aliutambua mkono wake mwenyewe. Akajisikia fahari, kisha akaikasirikia fahari hiyo, na hasira haikubadili lolote, kwa sababu mgongo ulikuwa bado pale mbele ya macho yake.

Aliona kwamba gauni limechanika kwapani. Akaomba sindano. Sista akampa ya kushonea majeraha, na uzi wake. Nambozo akalishona likiwa limesimama, kama mtu anavyomshonea mtoto nguo akiwa ameivaa, akakata uzi kwa meno, akaliachia. Lenyewe likaokota kijiko, likakisuuza, likaendelea.

Wiki ya Odhiambo ikapita, Nambozo hajarudi Jinja.

Mwezi wa Septemba walikuja wageni watatu kutoka Kampala kuona kama kupunguza watu kumedhuru huduma. Walipita kitanda kwa kitanda, wakashika mashuka, wakanusa hewa. Mmoja wao alisogea kulipisha gauni lililokuwa na ndoo, akamwuliza Sista Topista mhudumu wa zamu hii yuko wapi.

"Alipunguzwa Juni," Sista alijibu. "Yuko nyumbani, anaumwa kiuno."

Mgeni akaandika. Taarifa yao ilisema kwamba wodi ni safi, wagonjwa wanageuzwa kwa wakati, na hakuna upungufu uliojitokeza. Redio ikaisifu wilaya. Oktoba, Margret na wenzake wawili wakapata barua.

Jumatatu ya kwanza baada ya kurudisha sare, Margret alifika Namakwekwe. Hakuweza kukaa kwake, alisema, chumba kilikuwa kinambana. Nambozo akamtandikia mkeka barazani. Barabarani malori yalikuwa yakipita yamejaa saruji ya maghorofa mapya. Mara mabega ya Margret yakakaza, shingo ikasimama mishipa.

"Unamgeuza nani?" Nambozo aliuliza.

"Sijui. Ni mzito."

"Atakuwa yule mpya, wa kitanda cha pili. Usimvute kwa mgongo, utaumia. Kunja magoti."

Margret akakunja magoti pale pale mkekani, akavuta pumzi, na upande wa pili wa mji mgonjwa akageuka.