Bahari Imechelewa

...saini hapa, Dona Nazira, assine aqui, anasema shefu Eusébio, mkubwa wetu wa kazi, na kidole chake kiko juu ya mstari, kidole kisafi cha mtu wa ofisini, na kalamu ninayo, ncha haijagusa karatasi, nausoma mstari kana kwamba utabadilika nikiukodolea macho, mtumishi anayetajwa hapo juu amekabidhi ajenda ya zamani na kupokea tableti mpya, ajenda ya zamani, haya, ndiyo hii mapajani mwangu, kimashine cha kutunzia kumbukumbu, inafunguka kama kitabu, haizidi kiganja, kioo cha kijivu, vitufe vimefutika herufi, A haionekani kabisa lakini kidole changu kinajua A inakaa wapi, nilipewa Pemba, hii yetu ya Msumbiji, siku tulipomaliza kozi ya chanjo, miaka kumi na miwili sasa, ndani yake kuna majina ya kina mama wote wa ng'ambo ya mkono wa bahari, nani kazaa lini, mtoto gani kabakiza sindano gani, na mwaka ule tulipokimbia vita, kadi za kliniki zikabaki nyumbani, kina mama wakawa wananijia kambini, Nazira, mwanangu alichomwa ngapi, nami nafungua, nabonyeza, nawajibu, sikukosea hata mmoja, hata mmoja... Dona Nazira, gari la Palma linaondoka sasa hivi na sanduku la vitu vibovu, anasema shefu, vibovu, ameisema kwa upole, naye si mtu mbaya, ametoka kusini huko, mkewe yuko mbali, anakula samaki kwa uma, lakini Jumatatu aliniaibisha, nimefika saa mbili kamili kwa ajenda yangu, nakuta wote wamekaa, anagonga kioo cha tableti yake, nove horas, Dona Nazira, saa tatu hii, umechelewa saa nzima, nikatazama simu yangu, nayo inasema saa tatu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, Jumanne nikabadilisha betri, nikafika saa mbili, wakaniambia saa tatu, leo Alhamisi tena, wakacheka, mara ya tatu, na shefu akasema bila kucheka, ama tableti, ama nakuondoa kwenye chanjo za ng'ambo nakuweka stoo upange mabomba ya sindano, mimi, stoo, mimi ninayejua kila mlango kule na kila mbwa, na ningeweza kuisogeza saa yake mbele, vitufe viwili tu, lakini mkono ulikataa, sijui kwa nini, ukaidi, mama angesema ukaidi, basi ndiyo nimekaa hapa na kalamu, ajenda imezeeka, nayo ina haki ya kuzeeka, kila kitu kinachoka, wala si mwisho wa dunia, majina nitaandika upya, yale ninayoyakumbuka... na Sérgio mwenzangu wa chanjo pale dirishani anageuza viatu vyake juani, havijakauka tangu jana, maskini Sérgio, mtu wa Mueda, bara huko, bahari anaijua kwa kuitazama tu, jana alitangulia na sanduku la baridi, kavuka kwa saa ya tableti, saa nne kamili, maji yakamfika kifuani, sanduku likaelea, likafunguka, chupa za chanjo ya surua zikaenda zake, watoto kumi na tisa wakarudishwa majumbani bila sindano, na mimi niliyekuja nyuma kwa ajenda yangu nikavuka maji yakiwa chini ya goti, nikamkuta ameketi mchangani amelowa, akasema dada Nazira, wallahi bahari ya leo imechelewa, nikacheka sana, na shefu akaiandika kwenye ripoti, kwa Kireno, kwa muhuri, atraso da maré, bahari imechelewa... simu ya Sérgio inalia, ujumbe umeingia, aka, anasema, wananikaribisha Tanzania tena, tangu Jumapili wananikaribisha, nami nimekaa hapa hapa sijainuka, Ivânia wa mapokezi anacheka, anamwambia basi nenda kawasalimie, na shefu anasema silêncio, por favor, assine aqui... tangu Jumapili, Jumapili radi ilipiga mnara wetu wa simu, mnara ukanyamaza, simu zote zikashika ule wa ng'ambo ya Ruvuma, tukafurahi maana picha zinafunguka haraka, tangu Jumapili, na ng'ambo ile... ng'ambo ile wanatutangulia saa moja, hilo nalijua tangu utoto, shangazi Fátima akipeleka kamba wakavu Mtwara alikuwa akisema kule nimefika saa nane, hapa kwenu ingekuwa saa saba, kila mchuuzi wa Namoto mpakani analijua, hata mbuzi wa Namoto wanalijua, na simu zinachukua saa kwenye mnara, na tableti zinachukua saa kwenye mnara, na saa ya ukutani, ee Mola wangu, saa ya ukutani shefu mwenyewe alipanda kiti Jumatatu asubuhi akaisogeza ifuate tableti yake, nilikuta kiti bado kiko chini yake, kina alama za soli, na ajenda yangu haina mnara, haijui mnara ni nini, haijakaribishwa nchi yoyote, imekaa mapajani inahesabu saa yake ya hapa kwetu, na jana maji, maji ndiyo shahidi, ratiba ya maji kupwa ilisema kuanzia saa nne mtu anavuka, nami kwa saa nne yangu nikavuka, bahari haikuchelewa, bahari na mimi tulifika pamoja, bahari na mimi na hiki kichakavu changu, wilaya nzima inaishi saa ya watu wengine tangu Jumapili na aliyefika kwa wakati ni mmoja, mimi, Jumatatu kwa wakati, Jumanne kwa wakati, leo kwa wakati, wao ndio waliowahi wakakaa saa nzima wakipiga miayo na kunisema, oh nina furaha, furaha imenijaa hadi kooni, nataka kupiga vigelegele humu humu ofisini, tulia Nazira, usicheke bado, tazama ukutani, saa nne kasoro robo, tazama mapajani, saa tatu kasoro robo, na leo maji yanaruhusu saa tano kasoro robo, mwendo wa pikipiki saa moja, yaani shefu akituondoa sasa na masanduku mapya tunafika maji yangali kifuani, surua nyingine inaelea, watoto wale wale kumi na tisa, hapana, leo hapana, leo watachomwa wote, Rehema binti wa Joaquina kwanza, anayelia kabla hajaguswa, tableti nitaichukua, ya nini niikatae, ina mwanga mzuri na picha za watoto zitaingia, lakini saa nitaitia mwenyewe, nitaiwekea hii ya zamani ubavuni niifunze, na haya maneno, amekabidhi ajenda ya zamani, ninayapiga mstari, mstari mnene, na sanduku la Palma liende na kitu kingine, liende na ile ripoti, masikini bahari, kuandikiwa barua ya uchelewaji kwa muhuri wa serikali... kidole cha shefu bado kiko pale pale, kalamu bado iko hewani, hakuna aliyejua kitu, Sérgio anageuza kiatu cha pili, assine, Dona Nazira, anasema shefu, anainua macho ukutani, assine twende, tumechelewa, nami naisikia sauti yangu inakuja kutoka chini kabisa, tamu, haina haraka, hatujachelewa, senhor chefe, kaa, tuna saa nzima.