Milango ya Sabini na Tano

Mwanza nzima ilijua kwamba Venant Mutalemwa aliinunua pikapu yake ikiwa mpya kabisa, siku alipotimiza miaka thelathini. Ilijua kwa sababu mwenyewe hakuchoka kuisema. Kahawa ililipa mwaka ule kule Bukoba, alikuwa akisimulia, naye akavaa suti, akaingia dukani, akalipa fedha taslimu. Majirani zake Wasukuma wa Mkuyuni walimwacha aseme, maana Mhaya mnyime chakula, lakini usimnyime msikilizaji. Jambo moja tu hakulisema kamwe: mwaka wenyewe.

Hilo halikumsumbua mtu mpaka Venant alipompenda Odeta. Odeta alikuwa mjane, muuza vitenge wa Mirongo, mwenye kicheko cha kumfanya mteja asahau kuomba apunguziwe. Venant naye alikuwa amefiwa na mkewe, na kwa miaka saba alikuwa akimenya ndizi za mtu mmoja. Odeta alipomwuliza umri, alijibu bila kupepesa macho, "Arobaini na tisa." Kumbe alikuwa na sitini.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Venant ilikuwa na matope. Odeta alikuwa na kaka yake, Masele, mkazi wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mwenye miaka hamsini na nne. Mtu wa arobaini na tisa akikutana na wa hamsini na nne, tena ndugu wa mwanamke anayemtaka, afanyeje? Mwaka mzima Venant aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, kaka." Masele, kwa raha zake, akaitikia, "Marahaba." Kila marahaba ilimkwama Venant kooni kama mwiba wa sato.

Ukafika mwisho wa mwaka wa tisini na nne. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mtu yeyote mwenye gari alitafutwa. Masele akataka washirikiane kusomba dagaa kwa pikapu ile.

"Ila Jumamosi tuipeleke kwanza kwa Kashindye," alisema. "Shemeji ni shemeji, gari ni gari."

Kashindye alikuwa fundi wa bodi pale Mkuyuni, na hakuna aliyenunua pikapu kuukuu bila kumwonyesha. Kadi hupotea, injini hubadilishwa, rangi hupakwa upya, lakini kebini, yaani kile chumba cha dereva, haikuwahi kumdanganya. Alipapasa paa, akachungulia bawaba, akatazama kidirisha cha pembetatu, kisha akautaja mwaka kwa sauti kubwa, upende usipende. Na pikapu ya Venant ilikuwa ya sitini na nne. Mwaka huo ukishatajwa, mtoto wa darasa la tatu angeweza kukokotoa umri wa mwenye gari.

Ijumaa asubuhi Venant akamwendea fundi peke yake.

"Kashindye ndugu yangu, kesho ukiulizwa, sema sabini na tano."

"Kwani ni ya sabini na tano?"

"Inakaribia."

"Venant, mke wangu aliwahi kuniomba niwaambie wageni kwamba mchuzi wake ni mtamu, nikashindwa. Sembuse wewe?"

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Odeta akaungama. Venant alikwenda kwa wauza vyuma chakavu. Akachagua milango miwili ya toleo jipya zaidi, na shoo, yaani uso wa mbele wa gari, yenye taa za mraba, akamtafuta fundi mwingine asiye na maswali. Kufika jioni gari lilikuwa limefungwa vyote na kupakwa rangi ya bluu. Venant akalizunguka mara tatu na kujipongeza kwa elimu yake.

Jumamosi Masele alishuka kwenye kivuko, Venant akamchukua yeye na Odeta hadi Mkuyuni. Kashindye akafuta mikono, akaanza kuzunguka.

"Milango, sabini na tano," alisema.

Venant akashusha pumzi.

"Shoo, sabini na tano." Akainama, akaingiza kidole chini ya ukingo wa paa, akakipeleka taratibu mpaka nyuma. "Kebini, sitini na nne. Huyu ni bibi aliyeazima sketi ya mjukuu."

Mafundi wakaangua kicheko. Masele hakucheka; alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipomaliza, akavua kofia.

"Sitini? Mungu wangu! Mwaka mzima nimekula shikamoo za mtu mzima!" Akamsogelea Venant kwa hofu ya kweli. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Venant akaitikia kwa sauti ndogo.

"Hiyo ni ya leo. Ya juzi nayo, shikamoo."

"Marahaba."

"Na ya Pasaka, mbele ya watoto wangu. Shikamoo."

Wangefika Krismasi kama Venant asingegeuka kumtazama Odeta. Odeta hakuwa anacheka. Hapo Venant aliogopa, si kuchekwa tena, aliogopa kurudi nyumbani kwa ndizi zake chache na kisu chake kimoja.

"Nilijua," Odeta alisema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile uliyotaka kunipa lifti mara ya kwanza. Uliliacha gari nje ya duka langu ukaenda posta, nami nikamwita Kashindye. Nani Mwanza hii anapanda pikapu kuukuu kabla hajamwuliza Kashindye? Hesabu nikaipiga mwenyewe."

Kashindye akaanza kuichunguza nyundo yake kana kwamba hajawahi kuiona.

"Leo nilikuja nikitumaini kwamba utaniambia wewe kabla fundi hajautaja mwaka," Odeta aliendelea. "Nimekungoja mwaka mzima, Venant. Umeniletea milango."

Aibu ilimshika Venant, na safari hii hakuitafutia rangi.

"Nina miaka sitini," alisema. "Nilidhani utaniona mzee, ukatae kupanda."

Odeta akajifunga kitenge vizuri, akaweka mguu kwenye kikanyagio.

"Nilikuona mzee tangu siku ile," alisema. "Na nilipanda."