Msiba wa Santa Cruz

Redio ilisema mafuriko yamesomba nyumba ya watawa huko Santa Cruz, masista watatu wamekufa, kisha bila hata kukohoa ikaingia kwenye matokeo ya mpira. Philbert, mkulima wa nyanya wa Ilula, alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Sista Bertha, na Sista Bertha alikuwa Santa Cruz. Alimpigia mara kumi na moja. Hapatikani.

Basi kengele ya kanisa la kigango ikagongwa. Nyanya zikaachwa ziive zenyewe kando ya barabara, mikeka ikatandikwa, sufuria kubwa ikainjikwa. Hapa watu hawasubiri maiti ndipo walie. Shida ilikuja kwenye kaburi. Kamati ya msiba ilikaa asubuhi nzima ikijadili wazike nini. Sifaeli, mwenyekiti wa kigango, alitaka sweta la marehemu la shule. Mama mmoja akasema sweta ni dogo kwa kaburi la mtu mzima. Kamati ikaongeza viatu.

Philbert alikubali yote. Angekubali hata wazike baiskeli.

Siku ya tatu mchana, shimo likiwa limefika magotini, simu yake ikaita.

"Baba, shikamoo! Mtandao ulikatika huku. Mnaendeleaje?"

"Marahaba," alisema Philbert. "Tunakuzika."

Ikabidi Bertha aeleze, simu ikiwa kwenye spika. Yeye yuko Santa Cruz ya Bolivia. Mafuriko yametokea Santa Cruz ya Ufilipino. Kuna nyingine Argentina, nyingine Marekani. Wahispania kila walipofika walipaita Santa Cruz, yaani Msalaba Mtakatifu, wakaendelea na safari zao.

"Wangeweka hata namba," alisema Sifaeli.

Vigelegele vikapasua anga. Philbert akakaa kwa furaha kwenye udongo wa kaburi la mwanawe. Akina mama wakaanza kukunja mikeka. Sifaeli akaagiza shimo lifukiwe.

"Na wale watatu?" Philbert aliuliza kwenye simu.

"Wa wapi, Baba?"

"Ufilipino."

"Wale wamekufa kweli. Mmoja alikuwa wa umri wangu."

Philbert akainuka, akajikung'uta suruali.

"Tandikeni tena," aliwaambia akina mama.

Walitazamana, wakatandika. Sifaeli akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini waombewe kwa majina gani, maana majina yao hawayajui.

"Sema mabinti wa Philbert," alijibu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.