Dakika Mbili za Bi. Ratliff

Karani alimwambia ni dakika mbili, wala si zaidi. Taa ya kijani ikiwaka anaanza, ya njano ajiandae kumaliza, nyekundu ikiwaka kipaza sauti kinazimwa hata kama yuko katikati ya neno. Odessa Ratliff aliitikia kwa kichwa, akaandika jina lake kwenye orodha ya waongeaji. Alikuwa wa kwanza, maana alifika kwenye jengo la baraza la jimbo saa moja na nusu asubuhi, walinzi hawajafungua mlango. Miguu ilimuwaka. Viatu vilikuwa vile vya mazishi ya mumewe, na alivivaa njia nzima, mwendo wa saa tatu kwa gari kwenye barabara ya milimani.

Kwapani alibana daftari la mumewe, Denver. Denver aliendesha buldoza la kampuni ya makaa kwenye ukingo wa bwawa la tope, kule juu ya bonde ambako kampuni humwaga maji yaliyooshea makaa ya mawe. Siku alipoona ukingo unavuja alimwambia msimamizi, na msimamizi akamwambia analipwa kuendesha, halipwi kuona. Basi Denver akapigilia chuma pale penye mchirizi, akakichora alama za rangi za kupimia, na kila asubuhi kwa miaka sita akaandika maji yamefika wapi. Kurasa za mwisho zilikuwa za mwandiko wa Odessa, kwa kuwa mapafu ya Denver, yaliyojaa vumbi la makaa, yalishashindwa na mlima. Walimzika Oktoba.

Chini ya bwawa hilo kuna nyumba ishirini na tatu. Iliyo karibu kabisa na ukingo ni ya binti yao Renita, na ndani yake analala Addie, mjukuu wa miaka minne.

Muswada aliokuja kuuongelea haukuomba makubwa. Ulitaka mhandisi asiyelipwa na kampuni aje akague mabwawa, na yaliyo mabovu yakaushwe. Mheshimiwa Corinne Tabor, mjumbe kijana kutoka mjini, aliubeba miaka mitano bila kusikilizwa, na mwaka huu ndipo kamati ikaupangia siku. Siku yenyewe ilikuwa leo, na leo ilikuwa siku ya mwisho: usiopita kamatini leo hauguswi tena hadi mwakani. Corinne hakuwa na kura katika kamati hiyo. Alichokuwa nacho ni Odessa. Alimwambia kwenye simu kwamba wakimsikia mjane wa mtu aliyeujenga ukingo ule kwa mikono yake, wataona haya kukaa kimya.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Hobart Skaggs, mjumbe wa kaunti ya akina Odessa.

Watu wa kaunti walimpeleka barazani nywele zake zikiwa nyeusi tii, mtoto wa mchimba makaa, akiahidi kuipigia meza kampuni. Na meza aliipiga kweli, miaka ile ya kwanza. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita kwenye kiti kilekile, nywele nyeupe, daraja la mtoni lina jina lake, na chaguzi tano zilizopita hakuna aliyejisumbua kushindana naye. Alijua majina ya watu na ya mbwa wao. Nyumba ikifiwa, paja la nguruwe la rambirambi kutoka kwa Hobart lilifika kabla ya kasisi. Kwa Denver alikuja mwenyewe, akakaa jikoni, akalia machozi ya kweli. Odessa alimpenda kwa machozi yale, na hilo ndilo lililomponza.

Saa tatu kasoro robo alimwona anakuja kwenye korido ya marumaru, mikono wazi.

"Dada Odessa. Umekuja mwenyewe, kwenye barabara zile?"

"Nimekuja, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa nani tena? Mimi Hobie wako." Akamshika mikono yote miwili, daftari likiwa katikati. "Sasa sikiliza. Nimemwandikia Denver azimio la heshima. Linasomwa ukumbini sasa hivi, wajumbe mia wote wamesimama. Familia husimama pale mbele nami. Twende."

Odessa alimwambia kwamba ana zamu ya kuongea kamatini, yeye ndiye wa kwanza.

"Kamati ya nani hiyo?" Hobart alicheka polepole. "Si yangu? Itaanzaje mimi nikiwa nimekushika mkono wewe?"

Hilo lilimwingia akilini. Aliona pia kwamba si adabu kumkatalia mtu aliyemlilia mumewe, na zaidi ya yote alitaka kulisikia jina la Denver likitajwa mahali pakubwa. Kampuni haikumtumia hata kadi ya pole. Akamfuata.

Asichokijua Odessa, na kila mwenye kitambulisho cha jengo lile alikijua, ni kwamba asubuhi za maazimio hakuna kura ukumbini. Husomwa sifa za marehemu, timu za mpira wa kikapu, wazee waliotimiza miaka mia. Wajumbe huingia na kutoka watakavyo, na siku za mwisho za msimu wa vikao kamati hukutana wakati huohuo katika chumba cha nyuma. Mwenyekiti akiwa na shughuli, makamu wake hugonga nyundo na kikao huanza.

Ukumbi ulikuwa na zulia jekundu na viti vya ngozi, vingi vitupu. Odessa alivihesabia wajumbe waliokwenda kunywa kahawa. Hobart alimsimamisha kando yake, mkono begani, na karani mwenye sauti nzuri akaanza kusoma. Kwa kuwa Denver Ray Ratliff alizaliwa kwenye kaunti hii. Kwa kuwa alilitumikia taifa jeshini. Kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja alichimba na kujenga kwa uaminifu. Azimio halikusema Denver amekufa kwa nini, lakini jina lilikuwa lake, na waliokuwapo walisimama.

Ndipo alipomwona Corinne Tabor nyuma ya kioo cha mlango, anapunga mikono yote miwili. Mlinzi alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake, kwani sherehe ikiendelea hakuna anayeingia. Corinne aligonga kioo. Odessa, macho yamejaa machozi, akadhani anampongeza. Akampungia naye, akatabasamu, na mpiga picha wa baraza akaipata picha hiyohiyo.

Alipotoka, amebeba azimio ndani ya fremu yenye muhuri wa dhahabu, Corinne alikuwa amekaa kwenye benchi. Odessa alimuuliza kamati inaanza saa ngapi. Corinne aliitazama ile fremu.

"Imekwisha, mama. Wamekuita mara tatu. Wameandika hukufika."

"Nilikuwa hapahapa. Ukuta mmoja tu kati yetu."

"Makamu akauliza nani anatoa hoja muswada upigiwe kura. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakaenda kwenye muswada wa leseni za vinyozi."

Odessa alimgeukia Hobart, aliyekuwa bado kando yake. Hakutoroka, alibaki palepale. Alimwomba Corinne awape nafasi, na Corinne akasogea kidogo tu.

"Ulijua," Odessa alisema.

"Nilijua kura hazipo. Dada'ngu, humu ndani hatupeleki jambo kwenye kaunti ya mtu mpaka mwenye kaunti atake. Mimi sigusi kwao, wao hawagusi kwangu. Ndivyo tulivyopata ile barabara, ndivyo tulivyopata zahanati."

"Na wewe mwenye kaunti hukutaka."

"Watu mia moja na arobaini wanakula kwenye ule mgodi. Shemeji yako yumo." Alishusha sauti, na ilikuwa sauti ileile ya jikoni. "Muswada ukipigiwa kura ukaanguka, umekufa. Usipopigiwa kura umelala tu. Mwakani tutautazama."

"Hobie, Addie analala chini ya ukingo ule."

"Najua. Kila siku namwombea."

Odessa alimpa daftari na kumwomba asome ukurasa mmoja tu, wowote. Hobart alilifungua, akapitisha kidole juu ya tarehe za Denver, akaangalia saa. Alisema ni kazi nzuri sana na kwamba angependa iwekwe kwenye maktaba ya jimbo, vizazi vijavyo vione. Odessa akamnyang'anya. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumnyang'anya mtu kitu, na alilibana kwapani hadi kwenye maegesho ya magari.

Bondeni walikuwa wamesikia kabla hajafika. Picha ilishatoka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa baraza: Odessa anatabasamu, anapunga mkono, mkono wa Hobart begani mwake. Jirani yake, Lonnie Vance, aliyekuwa amemtilia petroli ya safari, alisimama kwenye kibaraza cha nyumba yake na hakushuka ngazi.

"Ulienda kutuongelea au kupigwa picha?" alimuuliza.

Odessa alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo. Lonnie alisema afadhali wangemtuma mwingine, akaingia ndani.

Aprili, vipeperushi vya uchaguzi vilitumwa kwa posta kaunti nzima, japo mgombea alikuwa mmoja. Juu paliandikwa: Hobart Skaggs, hawasahau watu wake. Chini ilikuwa ile picha. Siku kipeperushi kilipofika kwa Renita, ambako Odessa alikuwa amekuja kulala, mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri na maji ya kijito cha chini ya ukingo yalikuwa yamegeuka meusi. Renita alisoma kipeperushi amesimama, akakiweka mezani uso chini. Alipiga magoti akaanza kumvisha Addie nguo za kulalia, kisha koti juu yake, kisha soksi, kisha viatu, na kamba akazifunga mara mbili.

"Bibi," Addie aliuliza, "na wewe unalala na viatu?"