Mikono ya Tavion Grubbs

Mwaka ule walipokaza sheria ya mikono, nilikuwa nimeshapuliza filimbi kwenye mechi za vyuo kwa miaka ishirini na miwili. Siku za kazi natengeneza matrekta huko Hadley, Indiana. Jumamosi navaa shati la milia nyeusi na nyeupe, nakuwa refa wa mpira wa kikapu. Sikuwahi kujiona bingwa, lakini faulo nilikuwa naijua nikiiona.

Mwezi wa Oktoba tuliitwa marefa wote wa ligi yetu kwenye semina. Msimamizi wetu, Bi. Oleta Fenwick, akatuambia kwamba mkabaji hana tena ruhusa ya kumwekea mkono mtu anayedunda mpira. Mkono ukikaa, faulo. Mikono miwili, faulo. Kumzuia kwa kigasha, faulo. Watu wamechoka kuangalia mieleka, akasema, wanataka kuona vikapu.

"Na mkono ukigusa mara moja ukatoka?" nikauliza.

"Hiyo inategemea."

"Inategemea nini?"

"Merle, ukiwa uwanjani utaona tu."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: *inategemea*.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa ya Chuo cha Ellery, nyumbani kwao, Jumamosi mchana katikati ya Novemba. Ellery walikuwa na kijana mmoja wa mwaka wa nne, Tavion Grubbs, mkabaji ambaye sijaona mfano wake. Si mrefu, hafungi sana. Kazi yake ilikuwa kumnyima raha mtu mwenye mpira. Mkono wake wa kushoto ulikaa kiunoni mwa mpinzani kama wa mtu anayepapasa swichi gizani, na kupitia kiuno hicho alijua mwenzake anaelekea wapi kabla mwenyewe hajajua. Kwa miaka mitatu nilimwachia. Hata mke wangu, Lorna, nilishamwambia: ukitaka kujua kukaba ni nini, mwangalie Grubbs.

Dakika ya pili nikampulizia. Dakika ya tano, tena.

"Merle, bwana!" kocha wao, Rademacher, akapiga kelele kutoka benchi. "Mwaka jana hiyo ulikuwa unaipigia makofi!"

Kusema kweli, hakukosea. Tulipuliza mpaka midomo ikakauka. Watu waliokuja kuona mbio waliona vijana wamepanga mstari wakirusha mitupo ya adhabu, mmoja baada ya mwingine. Bisi ziliisha kabla ya mapumziko. "Refa, nenda kapulize maputo!" bibi mmoja akapaza sauti, na nikaona hata mwenzangu Kessinger, refa mdogo kuliko wote, anajizuia kucheka.

Kipindi cha pili Tavion akanijia, jasho linamtiririka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitesa.

"Refa, niambie tu. Mikono niiweke wapi?"

"Iweke kwako."

"Kwangu wapi?"

Nikamwashiria arudi kwenye nafasi yake. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Ellery wakiongoza kwa pointi moja, mpinzani wake alimpita kwa ndani. Filimbi ililia kabla sijaamua kuipuliza. Faulo ya tano, Tavion nje. Akaketi, taulo kichwani. Yule mtu akafunga mitupo yote miwili, na Ellery wakafungwa.

Kesho yake niliitazama video mara tisa. Kati ya mkono wa Tavion na kiuno cha yule mtu palikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Jumatatu nikampigia Bi. Fenwick, nikamwambia nimekosea.

"Ulipuliza sawa," akasema.

"Lakini hakumgusa, Bi. Fenwick."

"Mkono si ulikuwa umenyooshwa? Wanatakiwa wajifunze kuurudisha. Mwezi huu wewe puliza tu."

"Na mwezi ujao?"

"Merle," akasema, "una mambo."

Januari nikapangwa tena na Ellery, safari hii ugenini kwa Dunmore. Nikamkuta Tavion mwingine. Rademacher alikuwa amewafanyisha mazoezi ya kukaba wakiwa wameshika mipira ya tenisi, mmoja kila mkono, wasiweze kumkamata mtu. Sasa Tavion alikaba kwa miguu na kifua, mikono hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mpaka mapumziko alikuwa na faulo moja tu.

Ila sisi marefa ndio tuliokuwa tumelegea. Mkabaji wa Dunmore alimshika Tavion kiuno waziwazi, mbele ya Kessinger, na Kessinger akakimbia zake. Nikapuliza mimi kutoka upande wa pili.

"Wenzako wawili hawaoni, wewe ndiye mwenye macho peke yako?" kocha wa Dunmore akafoka. Nikawaza, pengine.

Timu zilipokwenda benchi kupumzika kidogo, Tavion aliinama karibu nami akifunga kamba za viatu. Refa hatakiwi kusema jambo kama lile, lakini lilikuwa limenikaa kooni miezi miwili.

"Ile faulo ya tano ya Novemba," nikamwambia. "Nimeangalia video. Hukumgusa."

Akaniinulia macho. "Refa, ile nilimgusa."

"Mkono haukufika."

"Mkono niliutoa. Nilimpiga kwa nyonga. Nyonga kabisa! Nikajua umeiona. Nilimwambia mama, yule mzee ana macho."

Akaenda zake benchi, akaniacha nimesimama na mpira mkononi. Nyonga sikuiona. Sikuiona siku ile, wala mara tisa kwenye video.

Zikiwa zimebaki sekunde tatu, Ellery mbele kwa mbili, mtu wa Dunmore aliingia kwa nguvu hadi chini ya kikapu. Tavion akamzibia njia, mikono juu, kifua kwa kifua. Wote wawili wakaanguka. Mpira ukagonga ukingo wa kikapu, ukatoka. Hakuna filimbi. Ukumbi mzima ulitutukana mpaka tulipofunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Kessinger akavua viatu.

"Mbona hukupuliza?" akaniuliza.

"Wewe ndiye ulikuwa karibu."

"Nilidhani utapuliza wewe."

"Kwani ilikuwa faulo?"

Akatazama soksi zake. "Sijui, mzee. Wewe uliionaje?"

Nikamwambia ukweli: nilimwona mtu anakaba vizuri, na nilimwona mtu anaangushwa, na vyote viwili niliviona sawasawa.