Maoni ya Karani Donatus

Sauti ya mwanamke ilikuwa ikigombana na kitabu. Ilisikika hadi bombani, kali na ya haraka, na wanawake waliopanga ndoo zao pale wakanyamaza wapate kusikiliza.

"Huyu mke wa pili ameachwa msituni toka ukurasa wa arobaini," sauti ilisema. "Mfalme ameoa tena, ng'ombe wamezaa, vita vimekwisha, na mwandishi hajamrudia. Anakula nini huko? Analala wapi? Mwandishi wa namna hii hafai kupewa hata mbuzi achunge!"

Mwamvua, muuza vitumbua aliyetoka Tabora kumfuata mumewe mgodini, alichungulia kwenye kiwanja cha wasomaji. Wanaume walijaa kwenye mabenchi. Mbele yao alisimama Donatus, karani wa stoo, kaptura imepigwa pasi, kitabu mkononi, kinywa kinakwenda.

"Ni mumeo," Mwamvua alimwambia Scolastika, aliyekuwa akikinga maji. "Anaongea kwa sauti yako."

Scolastika alifungua kinywa amjibu kwamba anajua. Hakikutoka kitu. Akatikisa kichwa, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Huo ulikuwa mwaka wa 1951, baada ya mavuno, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Mzungu wa ustawi wa jamii alikuwa ameleta sanduku la vitabu, akasema watu wasome, kisha wakutane Jumapili wapeane maoni. Hakusema maoni hupeanwa vipi. Watu wa kambi wakafanya kama walivyozoea kufanya na ngoma. Usukumani, wakati wa mbina, vikundi viwili hucheza kwenye kiwanja kimoja, hiki mwisho huu na kile mwisho ule, na kinachovuta watu wengi zaidi ndicho kimeshinda. Wasomaji nao walisimama wawili, kila mmoja na kitabu chake na maoni yake, na watu wakahamia kwa yule aliyewakuna.

Mwamuzi alikuwa Mzee Jilala, nyapara wa zamu ya mchana, aliyekuwa ameamua mbina toka ujana wake. Hakujua kusoma, na jambo hilo lilimfanya asipendelee kitabu chochote. Kanuni aliyoiweka ilikuwa moja tu: wanawake wanaruhusiwa kusikiliza nyuma ya kamba, lakini miguu yao haihesabiwi na majina yao hayaandikwi.

Donatus alipenda vitabu kwa namna alivyokaa navyo kwapani. Kuvisoma kulimshinda. Alikuwa akifika ukurasa wa tatu, macho yanazama, shavu linatua juu ya karatasi, analala kama mtoto aliyeshiba. Aliyesoma alikuwa Scolastika, aliyefundishwa na masista kabla ya kuolewa. Alisoma huku maharage yakichemka, akamsimulia mumewe wakati wa kula, akamweleza na fikra zake mwenyewe, wapi mwandishi kapatia na wapi kadanganya. Jumapili Donatus alikwenda kuyasema yote kama yake, akiyachanganya njiani. Kila mara alishindwa na Marselino, dresa wa zahanati ya kambi, ambaye alikuwa na mizani. Marselino alipima vitabu mbele ya umati na kuthibitisha kwamba chake kina uzito zaidi.

Baada ya kushindwa hivyo mara kadhaa, Donatus alikwenda kwa mganga Nkwabi, anayewatengenezea wacheza ngoma dawa ya kuvuta watu.

"Watu wavutwe na nini?" Nkwabi aliuliza.

"Na maoni yangu juu ya kitabu."

"Maoni ya nani?"

"Yangu, mzee."

Nkwabi hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Alimpaka dawa ile ile ya mbina, ambayo humwitia mchezaji sauti ya mwenye wimbo. Kwa wacheza ngoma haikuwahi kuleta taabu, kwa kuwa anayeongoza wimbo ndiye aliyeutunga.

Jumapili iliyofuata Donatus alisimama, akafungua kitabu, na sauti ya mkewe ikatoka, na maoni yakatoka mazima. Wasikilizaji walimpongeza kwa kuwa na sauti inayofika mbali. Tangu siku hiyo, kila Donatus aliposhika kitabu mbele ya watu, Scolastika alikuwa bubu mpaka jioni.

Haikuchukua muda Scolastika akagundua kwamba sauti hiyo bado ilimsikiliza yeye. Alikuwa jikoni anasonga ugali, akawaza, huko kiwanjani Donatus akatulia katikati ya sentensi na kusema, "Chumvi imekwisha." Watu wakaguna kwa kukubali. Marselino alitumia juma zima akisema kwamba kweli, kitabu kile kizuri mwanzoni, lakini kuanzia katikati chumvi imekwisha.

Siku ya kazi, alipokuwa na sauti yake, Scolastika alikwenda kwa Nkwabi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama. Umekuja kudai sauti?"

"Ni yangu."

"Ni yako, nani anakataa? Lakini dawa ni ya msimu. Mvua ya kwanza ikinyesha, inakwisha. Isipokuwa mumeo akija kuiongeza."

"Na akiiongeza?"

Nkwabi alikuna kidevu. "Basi waombe wasomaji wakuandike. Ukiandikwa msomaji, ukasimama mwenyewe na kitabu, dawa haitakuwa na pa kukimbilia. Sauti iko kwa bwana wako, lakini maneno bado yanatoka kwako. Waombe kwa kinywa chake."

Scolastika alirudi nyumbani, akasuka nywele, akangoja Jumapili ya fainali ya msimu.

Siku hiyo kiwanja kilijaa. Malori ya pamba yalileta watu mpaka kutoka Buseresere, wengine wakiwa hawajawahi kushika kitabu, lakini walikuwa wamesikia kwamba kuna karani anayegombana na waandishi. Marselino alianza. Alipima kitabu chake cha ufugaji wa nyuki, akakisifu kwamba kina picha, na kwamba hata ukikiacha nje kwenye umande hakivimbi. Watu wengi kidogo wakaenda upande wake.

Kisha Donatus akainua kitabu cha mfalme. Scolastika alisogea mpaka kamba ikamgusa tumbo. Alifumba macho, akawaza polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayemwagia maji mchicha.

"Mimi ni Scolastika, mama yake Ignas," Donatus alisema. "Huyu mnayemwona hajakisoma kitabu hiki. Hulala ukurasa wa tatu. Fungueni mwone, mate yake yapo. Maoni yote mliyoyapigia vigelegele msimu huu ni yangu. Nimesoma huku ninapika, nimesoma huku ninanyonyesha. Na nimechoka kuachwa nje kama yule mke wa pili. Naomba niandikwe jina langu, nisimame kwa miguu yangu, na sauti yangu inirudie."

Donatus mwenyewe alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa kwenye sehemu nzuri.

Marselino alivuka kiwanja, akachukua kitabu, akafungua ukurasa wa tatu, akaukwaruza kwa kucha.

"Ni mate," alitangaza, na kwa kuwa alikuwa dresa hakuna aliyebisha.

Hapo watu walianza kuhama. Walihama kwa mkumbo, wa Buseresere na wa kambini, mpaka Marselino akabaki na mizani yake na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Karani, hapo umesema!" mchimbaji mmoja alipaza sauti. "Mwanamume kujianika hivyo mbele ya watu!"

"Sijaona," alisema Mzee Jilala, akifuta macho. "Nimeamua mbina tangu sijaota ndevu, sijaona mtu anajitukana kwa ufasaha namna hii. Donatus ameshinda."

"Mzee, si yeye anayesema!" Marselino alilalamika. "Ni mkewe!"

"Tunasikia, dresa, sisi si viziwi. Mkewe amesema kweli tupu, hakuna hata neno la kupunguza. Lakini aliyesimama ni nani?"

"Ni Donatus."

"Haya basi."

Lilibaki ombi, na Jilala hakuwa mtu wa kudharau ombi lililotolewa vizuri. Aliwaita wanachama wakubwa kando, wakachuchumaa, wakashauriana. Mmoja alisema jambo lenyewe ni la haki. Mwingine akasema ni la haki kabisa, lakini kanuni ipo. Walizungumza mpaka vivuli vyao vikarefuka, kisha Jilala akasimama na kutoa uamuzi.

"Sauti ya mke wa karani tumeiandika," alisema. "Kuanzia leo ni mwanachama kamili, na itaheshimiwa kama mwanachama yeyote. Itaingia kila Jumapili pamoja na Donatus. Mwenyewe atabaki nyuma ya kamba, kama kanuni inavyosema. Na kwa kuwa mawingu yameanza kujikusanya, Donatus aende kwa Nkwabi kesho akaongeze dawa. Hatuwezi kupoteza mwanachama kwa sababu ya mvua."

Watu walipiga makofi. Uamuzi ulionekana umempa kila mtu kitu. Katibu akaandika, na kwa kuwa hakujua umri wa sauti unaandikwaje, akaacha nafasi.

"Hongera, shoga," Mwamvua alisema, akimshika Scolastika bega. "Wamekuandika koo, wamekuacha miguu. Sasa hapo ucheke au ulie?"

Scolastika hakuweza kufanya kwa sauti hata kimoja. Alimtazama mumewe akija, amebebwa juujuu na watu wa Buseresere, kitabu kwapani, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Walimshusha mbele ya kamba. Donatus alimtazama mkewe kwa mapenzi ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, na siku zote alikuwa akijivunia kuoa mwanamke msomi. Aliona machozi yake, akaelewa kwamba kuna jambo linalomkosesha raha, akafikiri sana namna ya kulirekebisha. Kisha akaushika mkono wake juu ya kamba.

"Nakuahidi, mama Ignas, mbele ya hawa wote," alimwambia, kwa sauti ya mkewe, nzuri na inayofika mbali, "Jumapili ijayo nitasimama upande unakotoka upepo, ili huko nyuma uliko usikose hata neno."