Tumbawe la Daktari wa Meno

Kwa miaka kumi na minane daktari wa meno alikuwa akiwaambia wagonjwa wake maneno yaleyale: "Hapo sasa pasiguswe. Si kwa ulimi, si kwa kidole, si kwa kijiti. Ukipaacha, patapona penyewe." Wagonjwa waliitikia kwa vinywa vilivyojaa pamba, wakaenda zao, wakapagusa. Naye aliwashangaa sana watu wazima wasioweza kuitawala mikono yao.

Nyumbani kwake, pale sebuleni palipokuwa na kabati la vyombo, sasa palikaa tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki mmoja wa rangi ya chungwa, na tumbawe. Dukani tumbawe hilo lilikuwa limechanua, minyiri yake ya kijani, laini kama vidole, ikicheza majini. Tangu liingie nyumbani lilijikunyata likawa kama ngumi, na huo ulikuwa mwezi wa tatu.

"Jiwe lako limeamkaje?" mkewe alimuuliza kila asubuhi.

"Si jiwe, mama watoto. Ni mnyama."

"Basi mnyama wako amekununia."

Walikuwa wamekubaliana: likichanua kabla ya mwisho wa mwezi, tangi libaki, lisipochanua, kabati lirudi mahali pake. Daktari alilipenda tumbawe lile kuliko alivyothubutu kukiri, na wazo la kuliona likitolewa mlangoni lilimkosesha raha. Akazidisha huduma. Asubuhi alipima chumvi, mchana alirudi mbio kupima joto, jioni aliligeuza lielekee taa. Kisha alizamisha kile kioo kidogo chenye mpini, cha kutazamia magego, akalikagua kwa chini. Samaki alishachoka naye; mkono ukiingia tu, aliudonoa. Ndiyo maana wahenga walisema mganga hajigangi.

Zikiwa zimebaki siku nane, akaitwa kwenye semina ya siku saba. Aliandika kurasa nne za maagizo, akamkabidhi mkewe, akaondoka kwa uso wa mtu aliyeacha mgonjwa mahututi.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Tumbawe lilikuwa limefunguka lote, limeenea upana wa sahani, na samaki amejilaza katikati ya minyiri kama aliyetandikiwa kitanda. Daktari alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Halafu akaona wivu.

"Mmelifanya nini?"

"Hatujalifanya kitu. Samaki nilikuwa nampa chakula, maji yakipungua naongeza. Basi."

"Na zile kurasa zangu?"

"Meza ya jikoni ilikuwa inayumba," mkewe alisema. "Sasa imetulia."

Miezi mitatu ya jasho lake, na dawa kumbe ilikuwa yeye kutokuwepo.

"Tangi libaki, tulishakubaliana," mkewe aliendelea, akinyoosha kiganja. "Ila hicho kioo cha magego nipe mimi. Na wewe bwana, wagonjwa wako huwa unawaambiaje?"

Daktari alimpa kioo, kisha akasogea karibu na tangi. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, mnyiri mmoja ulionekana umejikunja kidogo.

"Ukipaacha, patapona penyewe," alijibu, huku mkono wa shati ameshaukunja hadi kiwikoni.